Mkwe Hatazamwi

Mzee Masunga aliisukuma sahani mpaka ukingoni mwa meza, akaiacha hapo. Ugali ulikuwa bado unafuka moshi. Pembeni palikuwa na samaki wa kukaanga na bakuli la maziwa ya mgando, na maji ya kunawa yalikuwa yamepashwa moto, maana Iringa mwezi Juni maji ya bomba huuma vidole. Hakuna kilichopungua mezani. Aliyepungua ni mtu.

"Nashoni," alimwita mwanawe. "Njoo ukae hapa."

Nashoni alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Lori lake lilikuwa Ilula likipakiwa nyanya za kupeleka Mbeya, soko la Mwanjelwa, na mwenye mzigo alikuwa ameshapiga simu.

"Kule kwetu, nani anawekewa chakula halafu watu wanakimbia?"

Nashoni alivuta kamba ya kiatu cha pili.

"Nakuuliza wewe."

"Baba, kula kwanza. Kitapoa."

"Mbwa," mzee alisema. "Mbwa ndiye anawekewa, watu wanaondoka zao. Tena mbwa wa kwetu ana nafuu, anaitwa jina."

Nyuma ya pazia, upande wa jikoni, Yudith alisimama na mwiko mkononi. Alisikia kila neno. Alijua kwamba hatua mbili tu zingetosha: kulisogeza pazia, kupiga magoti, kusema shikamoo. Hakuzipiga. Alitoka kwa mlango wa uani, taratibu, kandambili mkononi, ili mzee asisikie hata mlio wa miguu yake.

Mzee akausikia mlango. "Umeona?" alisema. "Kanikimbia tena."

Yudith alilelewa na bibi yake nje kidogo ya mji wa Tukuyu, na kwa bibi yule mkwe wa kiume hakutazamwa. Mwanamke akimwona baba wa mumewe njiani, alikata kona akapita migombani. Hakukaa naye chumba kimoja. Hakulitaja jina lake, wala neno lolote lililofanana na jina lake, hata likiwa la mnyama. Wenzake aliosoma nao walikuwa wameyaacha mambo hayo zamani, wengine walipiga picha na wakwe zao wakazituma kwenye simu. Yudith alikuwa amebaki nayo. Bibi alimwambia kwamba mwanamke asiyemheshimu mkwe tumbo lake halishiki, na mimba yake ya kwanza ilitoka, na hakuna daktari aliyeweza kumweleza sababu. Sasa alikuwa na nyingine, ya miezi minne. Bibi alikwisha kufa, lakini Yudith hakutaka kumpa nafasi ya kuwa sahihi.

Mzee Masunga naye alikuwa na yake. Kwa Wasukuma wa Usangu alikotoka, mke wa mtoto huja asubuhi, hupiga magoti, husalimia. Salamu ile si neno moja. Huulizwa usiku, huulizwa ng'ombe, huulizwa watoto, huulizwa mvua. Kabla haijaisha, siku haijaanza. Tangu mkewe Minza afariki masika yaliyopita, mzee hakuwa na mtu wa kumwanzishia siku. Alikuja Iringa kupasuliwa ngiri, hospitali ya Tosamaganga, Jumatatu. Lakini moyoni alikuwa amekuja pia kusalimiwa. Siku ya harusi yeye alibaki na mifugo, mdogo wake ndiye aliyekwenda kumwakilisha, kwa hiyo mkwe huyu hakuwa amemwona bado. Na tangu afike, alichokiona ni pindo la kitenge likipotelea kwenye kona.

Nashoni alijua ya huku na ya huku. Angeweza kuyamaliza kwa dakika chache. Baba alipolalamika alisema, "Mvumilie, baba, ana haya." Mke alipolia alisema, "Mvumilie, ni mzee." Kisha akalifuata lori lake.

Alitoka hivyo hivyo siku hiyo ya Ijumaa, na sahani ikabaki ukingoni.

* * *

Jirani yao pale Mlandege alikuwa Bi Waridi, mwuza kanga, mjane. Babu yake alikuja Iringa kutoka Bagamoyo na punda wawili, na kwa sababu hiyo Bi Waridi alijihesabu mtani wa kila Msukuma aliyezaliwa. Mzee Masunga alipoacha kula kwa mwanawe, yeye ndiye aliyempelekea wali.

"Kula, mtani," alimwambia. "Kwetu mgeni hanyimwi, hata akinuka zizi."

"Zizi lenye ng'ombe," mzee alisema. "Nyinyi mna mazizi ya nazi."

"Ng'ombe mia na suruali moja."

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu afike. Kicheko kilimvuta tumbo, akajishika kiunoni upande mmoja.

Jioni ile Bi Waridi alimkuta Yudith uani kwenye mashine yake ya kufuma masweta. Alikuwa na oda ya shule ya chekechea, masweta ya bluu yenye picha kifuani.

"Hawa wadudu gani?"

"Wenye masikio marefu."

"Si sungura hawa? Mbona husemi sungura? Mwezi mzima nakusikia, wenye masikio, wenye masikio." Bi Waridi alivuta kigoda akakaa. "Sikiliza, mwanangu. Yule mzee ameniuliza kama wewe ni bubu. Nikamwambia hapana, ana mdomo kama chiriku. Sasa nimemwongezea jeraha au nimempoza?"

Yudith aliendelea kusukuma mkono wa mashine, kwenda na kurudi.

"Mwambie maziwa mapya yapo. Nimeyafuata mpaka Kihesa. Nashoni alisema anayapenda."

"Mwambie mwenyewe. Mimi si posta."

"Siwezi, Bi Waridi."

"Huwezi nini? Kusema 'baba, maziwa haya'?"

Yudith alitaka kueleza. Lakini jambo lenyewe kwa bibi yake halikuwa na maelezo. Kulieleza ni kumzungumzia mkwe, na kumzungumzia ni karibu sawa na kumtazama. Uzi ulikatika mashineni, akainama kuuunga.

"Haya," alisema Bi Waridi, akiinuka. "Basi ujue. Kesho kutwa asubuhi anapanda basi kurudi kwake. Amefunga begi."

Mkono wa Yudith ulisimama. "Na Jumatatu?"

"Jumatatu hakuna."

"Daktari alisema ile ngiri ikijibana njiani ni saa chache tu. Alimwambia Nashoni, nikisikia."

"Nami nimemwambia. Unajua kanijibu nini? Kasema bora akafie mahali ambapo mtu husalimiwa kwanza."

Yudith alimpigia mumewe usiku ule. Nashoni alisema angerudi Jumapili alfajiri, angemzuia baba kabla ya basi. "Vumilia," alisema.

"Umwambie, Nashoni. Mwambie kwa nini."

Upande wa pili wa simu alisikika mtu akipiga nyundo kwenye gurudumu. "Nitamwambiaje?" Nashoni alisema. "Atasema nimeoa mtu wa mizimu."

"Kwa hiyo mimi ni mtu wa mizimu."

"Sijasema hivyo."

"Umesema."

* * *

Jumamosi Bi Waridi alikwenda Ilula kwenye hitima ya shangazi yake. Nyumba ilibaki na watu wawili na ukuta katikati.

Mchana Yudith alisikia kitu kikianguka chumbani kwa mzee. Akasikiliza. Kulikuwa na mlio mdogo, wa mtu anayeuma meno asisikike. Akasubiri uishe. Haukuisha. Alipiga simu ya Nashoni, ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

Alisimama mbele ya mlango wa mzee, akageuka, akaupa mgongo. Akagonga kwa kiwiko.

"Nani?" mzee aliuliza kutoka ndani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mke wa Nashoni."

"Kumbe una sauti," mzee alisema.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nenda."

"Ni ile..." Yudith alishindwa kulitaja gonjwa la wanaume kwa baba wa mumewe. "Ni lile la Jumatatu?"

Mzee naye hakuweza kumjibu mke wa mtoto kuhusu mwili wake wa chini. "Ni tumbo," alisema. "Chakula cha yule Mswahili." Kisha akatapika, na baada ya kutapika sauti iliyotoka haikuwa ya mtu anayeweza kuficha kitu.

Yudith alikimbia barabarani. Alimpata Vitus, dereva wa teksi aliyeegesha karibu na duka la mbolea, kijana wa Kihehe asiye na maneno mengi. Vitus aliingia chumbani akatoka.

"Dada, siwezi peke yangu. Shika upande mmoja."

"Tafuta mtu mwingine."

"Mtu gani? Mzee anakufa mle."

Yudith aliivuta kanga mpaka machoni, akaingia. Hakuona uso. Aliona kiatu kilichokanyagwa kisigino, begi lililofungwa tayari kando ya kitanda, na mkono wa mzee, mkavu, ukitafuta pa kushika. Akautia begani kwake. Mkono ule ulikuwa wa moto. Alihisi mtoto, au alidhani amehisi, akijikunja.

Njia nzima ya Tosamaganga aliangalia dirishani huku amemshikia mzee beseni. Gari liliporuka kwenye shimo, mzee aliguna, na beseni likatikisika mikononi mwa mtu ambaye shingo yake haikugeuka hata mara moja. Mzee, katikati ya maumivu, aliitazama shingo ile. Hata sasa, alifikiri. Hata nikifa hapa hatanitazama.

Mapokezini, nesi mmoja aitwaye Tekla alitazama machela mara moja, akamwita daktari kwa mkono, kisha akageuka kwenye dirisha lake.

"Alishaandikishwa hapa?"

"Ndiyo. Apasuliwe Jumatatu."

"Jina la mgonjwa, nichukue faili."

Yudith aliivuta kanga mpaka mdomoni.

"Mama. Jina lake."

"Ni baba wa mume wangu."

"Nimesikia. Anaitwa nani?"

Benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa. Mama mmoja aliyembeba mtoto alisogea asikose neno. Tekla alimtazama Vitus.

"Mimi dereva tu," Vitus alisema. "Namwita mzee."

"Nyie mmemwokota?" mtu mmoja aliuliza kwenye benchi, na wawili watatu wakacheka.

Mzee Masunga alikuwa amelala hatua chache kutoka pale, macho wazi. Angeweza kulisema jina lake. Ulimi ulikuwepo na pumzi ilikuwepo. Lakini alibana meno akangoja. Alitaka kujua. Kama mwanamke huyu aliishi na mwanawe, akaolewa kwa mahari ya ng'ombe wake, na hakujishughulisha hata kulijua jina lake, basi na ijulikane hapa, mbele ya watu, kabla hajachanwa.

Yudith aliweka kiganja tumboni. Midomo yake ilitikisika.

"Sikusikii, mama."

"Masunga," alisema.

"Masunga nani? Wako wengi. Sema kwa sauti."

"Masunga Nkwabi." Alilisema kwa sauti ya kufika mwisho wa ukumbi, kama mtu anayeita ng'ambo ya mto, na jasho likamtoka puani. "Masunga Nkwabi, wa Usangu."

"Sasa ulikuwa unasubiri nini," Tekla alisema bila ubaya, akainuka kutafuta faili.

Machela ilianza kusukumwa. Ilipompita, mzee alisema taratibu, "Kumbe unalijua."

Ndilo neno aliloondoka nalo kuingia chumba cha upasuaji. Yudith alikaa kwenye benchi, pale palipoachwa wazi na mama mwenye mtoto. Watu waliingia na kutoka. Alikaa na mikono miwili tumboni, akisikiliza kama kuna kitu kinashuka. Vitus alimletea soda, akaishika tu mpaka ubaridi wake ukaisha.

* * *

Nashoni alifika Jumapili asubuhi na vumbi la Mbeya nywelani. Upasuaji ulikuwa umekwenda vizuri. Daktari alisema wangechelewa kidogo, wangekuwa wanazungumza mengine.

Mzee alikuwa amelala chali, midomo imekauka.

"Mkeo yuko wapi?"

"Nimemwambia aende nyumbani alale. Alikesha hapo nje."

"Alikesha nje. Ndani hakuingia."

Nashoni alikaa ukingoni mwa kitanda. Aliangalia mikono yake, akaona bado ana grisi.

"Baba, kule kwao mkwe hatazamwi."

"Nini?"

"Mwanamke hamtazami baba wa mumewe. Hakai naye, hasemi naye, hataji jina lake. Ndiyo heshima yao ya zamani. Anayeivunja, wanasema tumbo linatoka." Alimeza mate. "Ana mimba. Nilikuwa sijakwambia."

Mzee alitazama dari. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa amezima redio yake asikie.

"Na jana alilitaja."

"Vitus kaniambia. Alilitaja mara tatu."

"Na alinibeba."

"Ndiyo."

"Wewe ulikuwa unayajua haya."

"Nilikuwa nayajua."

"Ukaniacha nimtukane mtoto wa watu. Mbwa, nikasema. Akisikia."

"Niliona haya, baba."

"Haya ya nani?"

"Yenu. Wote wawili."

Mzee alifumba macho, na Nashoni akadhani amelala. Alipozungumza tena, alizungumza kama mtu anayemhadithia mwingine, si mwanawe.

"Mama yake Minza nilikutana naye siku moja njia ya mbugani, nikiwa kijana, ndoa bado mbichi. Njia nyembamba, huku miiba na huku miiba. Mama wa mke utampishaje? Nikajitupa kwenye miiba. Nilifunika uso mpaka alipopita. Nilikuwa na Msangu mmoja tunauza naye ndama. Alicheka. Akasema, huyu mama amekukosea nini hata unamchukia hivi?"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ni mjinga, hajui heshima."

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliwasha redio yake, taratibu.

* * *

Jumatatu Yudith alileta uji. Alikuwa amepanga kumwachia nesi mlangoni, lakini Tekla alikuwa na sindano mkononi, akamwonyesha kwa kidevu: kitanda cha dirishani, mama, pita. Akavuta kanga usoni. Aliingia akihesabu mistari ya sakafu.

Mzee alimwona kwa mbali. Akashika chuma cha kitanda, akaanza kujigeuza. Mshono ulikuwa mbichi. Aligeuka kidogo, akapumzika, akageuka tena, huku jasho likimtoka, mpaka akamaliza na uso wake ukawa umeelekea ukutani.

"Mzee, utajifungua mshono," Tekla alimwonya.

"Niache," mzee alisema kwa ukuta.

Yudith alisimama. Aliona mgongo, shuka lililopinda, na kisogo chenye mvi. Nyumba nzima ya bibi yake haikuwahi kumwandaa kwa jambo hili, mkwe kumkimbia yeye. Ikamchukua muda kuelewa kwamba anapishwa. Kisha akaweka chupa ya uji chini, akapiga magoti kwenye saruji, nyuma ya mgongo ule. Nashoni alikuwa amemfundisha usiku kucha maneno ya Kisukuma ya kuamkia asubuhi, na bado yalimtoka na lafudhi ya Tukuyu.

"Mwangaluka, baba."

Mabega ya mzee yalitulia.

"Mwangaluka, mayu," mzee alijibu, akimwita mama. "Mhola?"

"Mhola duhu," alisema, yaani salama tu.

"Umelalaje?"

"Nimelala salama."

"Na huyo mdogo?"

Yudith alishika tumbo. "Amelala salama."

"Nashoni je?"

"Amelala."

"Huko Tukuyu mvua?"

"Inanyesha tu, baba. Kule haikatiki."

"Na ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, baba."

"Mtakuwa nao," mzee aliuambia ukuta.

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinama kwa mkewe aliyekuwa akimmenyea chungwa. "Unawaona hawa?" alinong'ona. "Nyumba imeharibika kabisa. Hata kutazamana hawawezi."

* * *

Mtoto alizaliwa Novemba, wa kike, akaitwa Minza. Mzee Masunga aliishi mpaka mwisho wa masika yaliyofuata. Katika muda huo alikuja Iringa mara moja, nao walikwenda Usangu mara mbili, na kila asubuhi salamu ilipitia ukutani, ndefu, na ng'ombe wakiulizwa wale wasiokuwepo na, baadaye, wale wawili waliokuwepo.

Siku ya mazishi, waombolezaji walipangwa mstari wa kuuona uso wa marehemu. Yudith hakujipanga. Shangazi mmoja alisema kwa sauti, watu wasikie, kwamba mke wa Nashoni ni mwenye kiburi, hata maiti anaisusa.

Nashoni alikuwa akishika ncha ya jeneza. Aliomba apokewe, akamwendea shangazi yule, akakaa chini karibu naye, akaanza kumweleza tangu mwanzo, bila kuruka kitu. Wanawake wengine wakasogea kusikiliza.

Yudith alikuwa nyuma ya nyumba, upande wa chumba alicholazwa mzee, ambako watu hawapiti. Alimshusha mtoto mgongoni, akamweka kando yake, akapiga magoti kwenye udongo ulioloa mvua, uso wake kwenye ukuta wa tofali.

"Mwangaluka, baba," alisema.

Akangoja kwa muda ambao mtu angetumia kujibu. Kisha akaendelea na salamu, akiuliza na kungoja, mpaka alipofika kwa ng'ombe.